Jinsi ya Kuandaa Swali Ambalo Waziri Hatalikwepa

Mradi wa umma ukikwama Nyakach, Butere au Njoro, au popote Kenya, jibu la kawaida barazani ni lilelile: "Tumeshamwambia mheshimiwa." Kumwambia mheshimiwa ni jambo moja, swali la Bunge ni jambo jingine. Swali la Bunge ni hati. Lina nambari na tarehe, linapita mikononi mwa Spika, linafika wizarani, na jibu lake linaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa Bungeni, ambako litakaa hata baada ya Waziri na mbunge wote wawili kuondoka. Mwongozo huu ni wa wanaotaka hati hiyo iandikwe: kikundi cha kijamii, kamati ya soko, au kijana wa ofisi ya mbunge aliyeambiwa Ijumaa jioni kwamba swali linatakiwa Jumatatu.

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika huku nyumbani. Swali likiandaliwa vibaya Ahero, ufasaha wa mbunge hautaliokoa Nairobi.

Hatua ya 1: Jua mradi ni wa nani

Hapa ndipo maswali mengi hufia. Waziri akisimama na kusema "Mheshimiwa Spika, hilo ni jukumu la kaunti," mchezo umeisha, na mbunge amebaki ameshika karatasi.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo hugawa majukumu. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Shule za msingi na za sekondari ni za serikali ya kitaifa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya gavana. Hospitali za rufaa za kitaifa ziko chini ya Waziri wa Afya. Maji ya bombani na mitaro ya maji ya mvua mjini ni kazi ya kaunti, lakini mabwawa na uhandisi mkubwa wa maji ni kazi ya kitaifa. Kwa hiyo mtaro ulioziba Kondele na tuta lililobomoka kando ya Mto Nyando ni maswali mawili tofauti, kwa watu wawili tofauti, hata kama maji yaliyoingia nyumbani ni yaleyale.

Barabara zina utata wao. KeNHA hushughulikia barabara kuu, KURA za mijini, KeRRA za mashambani, na mashirika haya matatu yote yako chini ya wizara moja ya kitaifa. Zilizobaki ni za kaunti. Usikisie. Nenda kwenye bango la mradi, pale kandarasi ilipoanzia, upige picha inayoonyesha jina la mwajiri, mwanakandarasi, nambari ya zabuni na tarehe za kuanza na kumaliza. Kama bango limeng'olewa (na huwa linang'olewa mapema kuliko mashine), tafuta zabuni kwenye tenders.go.ke.

Masoko huwapoteza wengi zaidi. Soko ni jukumu la kaunti, lakini serikali ya kitaifa nayo hujenga masoko na kuyakabidhi baadaye. Soko ambalo halijafunguliwa linaweza kuwa limekwama kwa Waziri, kwa gavana, au kwenye makabidhiano kati yao. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu kila upande utakuelekeza kwa mwenzake, na swali lako lazima liulize tarehe ya makabidhiano na hati iliyotiwa saini.

Onyo dogo: kama mradi umejengwa kwa fedha za NG-CDF, yaani hazina ya maendeleo ya maeneobunge, usimpelekee mbunge akamuulize Waziri. Hazina hiyo ni ya eneobunge lake mwenyewe. Hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu na kuchunguzwa na kamati ya Bunge la Kitaifa inayosimamia fedha zilizogatuliwa.

Hatua ya 2: Waziri au Katibu wa Wizara?

Watu husema "Waziri amekula pesa" wakati anayetia saini malipo si Waziri. Chini ya sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, afisa mhasibu wa idara ya serikali ya kitaifa ni Katibu wake. Katika kaunti ni Afisa Mkuu wa idara. Waziri hujibu kuhusu sera: kwa nini mradi huu umetangulizwa kuliko ule, kwa nini kandarasi imesimamishwa, serikali ina mpango gani. Katibu hujibu kuhusu vocha: nani alilipwa, lini, kwa cheti gani cha kazi, yaani hati inayothibitisha kazi iliyofanyika na thamani yake.

Swali la sera lipeleke kwenye ukumbi wa Bunge. Swali la vocha hufaa zaidi kwenye kamati. Katika kamati kuna muda, kuna karatasi mezani, na wajumbe wanaweza kumrudia mtu mara kumi kwa jambo moja. Ukumbini kuna kamera na saa inayokimbia. Ukitaka ahadi itolewe hadharani, nenda ukumbini; ukitaka stakabadhi, nenda kamatini. Wanasiasa hupenda ukumbi, na unaelewa kwa nini.

Historia fupi, kwa wanaokumbuka zamani. Kabla ya Katiba ya sasa, mawaziri walikuwa wabunge na walijibu maswali wakiwa vitini mwao. Baada ya uchaguzi wa 2013 waliacha kuwa wabunge, wakawa wanafika mbele ya kamati tu kwa mujibu wa Kifungu cha 153(3), kinachowalazimu kuhudhuria wakiitwa na kujibu swali lolote kuhusu wizara zao. Mnamo 2023, baada ya Kanuni za Kudumu kurekebishwa, walianza kurudi ukumbini kujibu maswali ana kwa ana. Kwa hiyo leo njia zote mbili ziko wazi.

Hatua ya 3: Pata tarakimu nne, si moja

Kosa linalowaponza hata wabunge wazoefu ni kusimama na tarakimu moja: "Serikali ilitenga Sh120 milioni, ziko wapi?" Waziri atajibu kwa utulivu kwamba zilipunguzwa, na ukumbi utacheka. Kila mradi una angalau tarakimu nne, na Waziri hupenyea katika nafasi zilizo kati yake:

1. Kiasi kilichoidhinishwa katika makadirio ya mwanzo wa mwaka wa fedha, Julai.
2. Kiasi kilichobaki baada ya bajeti ya ziada, yaani marekebisho ya katikati ya mwaka, ambayo licha ya jina lake huweza kupunguza.
3. Kiasi ambacho Hazina Kuu ilikitoa kwa kweli.
4. Kiasi kilicholipwa mwanakandarasi.

Chukua mfano wa kubuni. Tuta la mto lilitengewa Sh120 milioni. Bajeti ya ziada ikazifanya Sh45 milioni. Hazina ikatoa Sh30 milioni. Wizara ikalipa Sh28 milioni. Wakati huohuo mwanakandarasi alikuwa na vyeti vya kazi vya Sh61 milioni, maana yake anadai Sh33 milioni, na hiyo ndiyo sababu mashine zimeondoka. Zile Sh2 milioni zilizotolewa zisilipwe? Mwaka wa fedha ukiisha 30 Juni, idhini ya kuzitumia inaisha nao. Sasa angalia: mtu akiuliza kama fedha zilitengwa, jibu la kweli ni "ndiyo." Akiuliza kama wizara ilitumia fedha ilizopewa, jibu la kweli ni "karibu zote." Majibu yote mawili ni ya kweli, na tuta bado halipo.

Tarakimu ya kwanza na ya pili utazipata kwenye vitabu vya makadirio, katika tovuti ya Hazina Kuu. Kila idara ina nambari yake ya fungu: Idara ya Barabara, kwa mfano, ni 1091, na Elimu ya Msingi ni 1066. Herufi R mbele ya nambari ni matumizi ya kawaida, D ni maendeleo. Kwa miradi, fungua kitabu cha D. Tarakimu ya tatu hupatikana kwenye ripoti za Msimamizi wa Bajeti (cob.go.ke), ingawa mara nyingi huonyeshwa kwa idara nzima na si kwa mradi mmoja. Ya nne ndiyo ngumu, na ndiyo ambayo swali lenyewe litaifuata.

Kuna pia ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Katiba inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani hadi mwisho wa Desemba. Ukiukuta mradi wako humo, nakili nambari ya aya, si ukurasa peke yake. "Aya ya 412 ya ripoti ya mwaka fulani" humfanya Katibu atafute faili. "Kuna ripoti inasema" humfanya atabasamu. Angalia pia aina ya maoni ya mkaguzi. Hesabu safi ni safi. Zenye kasoro zina dosari zilizotajwa. Maoni mabaya yanamaanisha hesabu haziaminiki. Na mkaguzi anapokataa kabisa kutoa maoni, maana yake hakupewa karatasi za kutosha kusema lolote, jambo ambalo ni zito kuliko linavyosikika.

Hatua ya 4: Omba hati kwa barua

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kuandikia ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuomba hati. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Hulipi chochote kwa kuomba. Unaweza kutozwa gharama ya kunakili.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja mradi kwa jina lililo kwenye bango na nambari ya zabuni. Omba vitu vinavyohesabika: nakala ya mkataba, hati ya vipimo na bei ambayo mafundi huiita BQ, orodha ya vyeti vya kazi pamoja na tarehe na kiasi cha kila kimoja, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa kazi. Usiombe "maelezo yote kuhusu mradi." Ukiomba kila kitu utapewa kurasa mbili za utangulizi.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri, siku 21 hazina mahali pa kuanzia. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, lalamika ndani ya siku 30 kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo ina ofisi Kisumu. Na hata kunyamaziwa kuna faida: swali linaweza kumtaka Waziri aeleze kwa nini ombi lililopokelewa tarehe fulani halikujibiwa.

Wakati unasubiri, pima mwenyewe. Tuta, barabara na uzio vinapimika. Simu yenye ramani itakupa umbali kutoka kazi ilipoanzia hadi ilipokomea. Piga picha zenye tarehe kila mita 200, na katika kila picha kiwepo kitu kinachotambulika: daraja, kanisa, nguzo ya stima. Picha ya matope matupu inaweza kuwa ya popote.

Hatua ya 5: Andika swali lenyewe

Hivi ndivyo swali baya linavyokuwa:

"Je, Waziri anafahamu kwamba wakazi wa Nyando wanateseka kila mwaka kwa mafuriko, kwamba wizara yake imezembea kabisa kujenga tuta, na ni lini serikali itaacha kuwadharau watu wa eneo hili?"

Uchungu wake ni wa haki, lakini lina magonjwa matatu. "Imezembea" na "kuwadharau" ni hukumu, na kanuni haziruhusu swali lenye hoja, dhana, kejeli au tuhuma. Ofisi ya Spika italirudisha au italichuja mpaka libaki mifupa. "Je, Waziri anafahamu" ni mlango uliofunguliwa makusudi: atajibu "Nafahamu" aketi, au "Sifahamu" aketi. Mtindo huu ulirithiwa kutoka mabunge ya zamani na bado unapendwa bila sababu. Na "ni lini" isiyofungwa kwenye tarakimu wala hati hujibiwa na maneno manne ambayo kila Mkenya anayajua: fedha zikipatikana, kazi itaendelea.

Sasa lilelile likiwa limenyooshwa:

"Waziri aeleze: (a) kiasi kilichotengewa ujenzi wa tuta hilo katika makadirio ya mwaka wa fedha uliopita, kiasi kilichobaki baada ya bajeti ya ziada, kiasi kilichotolewa na Hazina Kuu na kiasi kilicholipwa mwanakandarasi kufikia 30 Juni; (b) urefu wa tuta uliokamilika na kukaguliwa, kwa mita, pamoja na tarehe na thamani ya cheti cha mwisho cha kazi; (c) kama kandarasi ingali hai, na sababu ya kazi kusimama tangu Machi; (d) tarehe ya mwanakandarasi kurejea kazini, na fungu la bajeti litakalogharimia kazi iliyobaki."

Sehemu ya (a) inaziba zile nafasi kati ya tarakimu nne. Sehemu ya (b) inasema "kwa mita" makusudi. Ukiruhusu asilimia utaambiwa mradi umefika asilimia 70, na hutajua kama ni asilimia 70 ya kazi, ya fedha, au ya muda wa mkataba. Mradi unaweza kuwa umekula asilimia 90 ya muda, asilimia 50 ya fedha na asilimia 20 ya udongo, na kila moja ya hizo ni "asilimia ya mradi" kwa anayetaka kuitumia. Sehemu ya (c) inatenganisha kandarasi iliyosimama na iliyovunjwa, kwa sababu iliyovunjwa inahitaji zabuni mpya na hiyo ni miezi mingine. Sehemu ya (d) ndiyo inayoifunga ahadi kwenye fungu la bajeti.

Sehemu nne zinatosha. Ukiweka saba, Waziri atajibu tatu zilizo rahisi kwa kirefu, muda utakwisha, na kila mtu atasahau zile nne zilizobaki. Hakikisha pia jambo haliko mahakamani, kwa sababu Spika atalizuia. Hakikisha halijaulizwa na kujibiwa ndani ya kikao hichohicho cha mwaka. Na kila tarakimu uliyoiweka, mbunge ndiye atakayebeba lawama ikiwa ya uongo, kwa hiyo mpe nakala ya ukurasa ulikoitoa.

Hatua ya 6: Lipeleke kwa mtu anayefaa, wakati unaofaa

Kikao cha mwaka cha Bunge la Kitaifa huanza Jumanne ya pili ya Februari na kufungwa wiki ya kwanza ya Desemba, na katikati kuna mapumziko. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kufikia 15 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili, na kila kitu kinatakiwa kiwe kimepita kabla ya 30 Juni. Ukitaka swali lisukume fedha za mwaka ujao, lijibiwe kabla makadirio hayajafungwa. Hesabu kurudi nyuma: barua ya kuomba hati iingie ofisini wiki ya kwanza ya Januari, siku 21 ziishe mwishoni mwa mwezi, na swali liwe mezani kwa mbunge Februari inapoanza. Swali la Agosti linaweza kuwa zuri sana, lakini fedha za mwaka huo zimeshagawanywa.

Si lazima awe mbunge wako. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 bila Spika: 290 wa maeneobunge, wawakilishi 47 wa wanawake na 12 wa kuteuliwa. Mwakilishi wa wanawake huwakilisha kaunti nzima, na mara nyingi hana swali hata moja kutoka kwa wananchi mezani pake. Seneta anafaa pale jambo linapogusa kaunti na fedha zake.

Pima pia nia ya mbunge. Kuna maswali ambayo huulizwa ili Waziri apate nafasi ya kujisifu. Utayatambua: hayana tarakimu, na huanza kwa pongezi. Mbunge akikurudishia rasimu yako ikiwa imeondolewa sehemu ya (a), mwombe kwa heshima aeleze sababu. Asipokuwa nayo, mtafute mwingine.

Mbunge akilikubali, hulipeleka kwa maandishi kwa Karani wa Bunge, Spika huliidhinisha, hupewa nambari, na hupelekwa wizarani. Andika nambari hiyo. Kila simu utakayopiga baadaye ianze nayo.

Siku ya kujibiwa

Swali la kwanza hufungua mlango tu. Maswali ya nyongeza ndiyo huingia ndani. Kanuni ni kwamba swali la nyongeza litokane na jibu lililotolewa. Kwa hiyo mwandalie mbunge kadi ndogo, si hotuba, yenye majibu yanayotarajiwa upande mmoja na la kuuliza upande wa pili.

Waziri akisema "suala hilo linashughulikiwa": ni afisa gani analishughulikia, na barua ya mwisho katika faili ni ya tarehe gani? Akisema "fedha zikipatikana": je, wizara iliomba kiasi gani kwa mradi huu katika makadirio yanayokuja? Hapa hana pa kukimbilia. Ama aliomba, na kiasi kinajulikana, ama hakuomba, na tatizo si ukosefu wa fedha. Akisema "ni jukumu la kaunti": je, hati ya makabidhiano ilitiwa saini lini? Akisema "nitaleta maelezo kamili baadaye": Spika aombwe aweke siku. Neno "baadaye" bila siku ni njia ya kiungwana ya kusema hapana.

Kama mafuriko yanagusa Nyando, Muhoroni, Nyakach na Kisumu Mashariki, wabunge wa maeneo hayo wagawane maswali ya nyongeza kabla ya kuingia ukumbini. Mara nyingi wanne husimama na kuuliza jambo lilelile kwa sauti tofauti, kila mmoja akitaka kipande chake cha video, na Waziri hujibu mara moja kwa wote.

Kuhusu lugha: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya zote ni lugha rasmi za Bunge. Anayeanza kwa Kiswahili anapaswa kumaliza kwa Kiswahili, na wapo wanaokatizwa kwa hoja ya nidhamu katikati ya tarakimu muhimu kwa kuchanganya. Kama mheshimiwa atauliza kwa Kiswahili, mwandikie tarakimu kwa maneno. "Milioni mia moja na ishirini" ni rahisi kulikosea mbele ya kamera.

Kamatini

Kifungu cha 125 kinaipa kamati ya Bunge mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kumwita shahidi na kumlazimisha alete hati. Kwa kawaida huanza na mwaliko. Mwaliko ukipuuzwa, hufuata samansi, yaani amri ya kufika. Anayekaidi samansi anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000, na polisi wanaweza kuagizwa kumleta.

Unaweza kuiandikia kamati husika kupitia kwa Karani. Toa maelezo ya kurasa mbili, tarakimu nne zikiwa juu kabisa, kisha orodha ya hati ambazo kamati inafaa kuzidai. Wajumbe husoma ukurasa wa kwanza wakiwa njiani kuingia, kwa hiyo historia ya kijiji iache. Kwenye Kamati ya Hesabu za Umma, jiandae kwa uchelewaji: hesabu zinazochunguzwa mara nyingi ni za miaka iliyopita, na Katibu aliyeketi mbele huenda hakuwepo. Atasema hivyo. Jibu ni kwamba ofisi ndiyo inayojibu, na faili halikuhama na mtangulizi wake.

Kwa mambo ya kaunti

Utaratibu ni uleule kwa udogo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 39, inaruhusu kamati ya Bunge la Kaunti kumtaka waziri wa kaunti afike na ajibu. Mwakilishi wa wadi anaweza kuomba taarifa rasmi kuhusu mradi, na mwenyekiti wa kamati akaenda kuitafuta kwa idara. Kisumu ina wadi 35, Nakuru 55, Kakamega 60. Mwakilishi mmoja ni rahisi kumpata kuliko Waziri wa Nairobi, na mara nyingi unajua anapokunywa chai.

Udhaifu ni huohuo wa ukaribu. Mwakilishi anayengoja barabara ya wadi yake kutoka kwa waziri yuleyule huwa mpole. Ndiyo maana tarakimu za Msimamizi wa Bajeti husaidia sana hapa, kwa kuwa haziwezi kuitwa siasa za wadi. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Linganisha kilichopangwa na kilichotumika kwa kila idara, kisha chukua idara yenye pengo kubwa zaidi uanzie hapo.

Mbunge akikataa kabisa

Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa kuchapwa, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa. Mada ionekane kwenye kila karatasi. Sema ulishajaribu wapi na ukajibiwa nini, sema kama jambo liko mahakamani au la, na umalizie kwa kutaja wazi unachotaka Bunge lifanye. Majina, anwani, nambari za kitambulisho na saini au alama za kidole gumba ziwekwe moja kwa moja kwenye karatasi ya ombi.

Maombi mengi ya vijijini huangukia hapo kwenye saini. Watu hukusanya saini kwenye daftari la mkutano wa chifu, kisha hubandika kurasa zake nyuma ya ombi. Saini za kubandikwa hazikubaliki. Chapisha karatasi za saini zenye kichwa cha ombi juu, uzipeleke barazani zikiwa tayari, na ubebe wino wa kidole.

Baada ya jibu

Pakua Hansadi kutoka parliament.go.ke na usome alichosema, si ulichokumbuka. Kila ahadi iandike katika mistari mitatu: alichoahidi, tarehe, fungu. Ahadi iliyovunjwa inaweza kupelekwa kwenye Kamati ya Utekelezaji ya Bunge la Kitaifa, ambayo kazi yake ni kufuatilia maazimio ya Bunge na ahadi za serikali. Wachache huitumia kwa sababu haina kelele.

Kisha, Julai, kitabu kipya cha makadirio ya maendeleo kikitoka, fungua fungu lilelile na utafute mstari wa mradi wako. Ukiukuta una tarakimu, pima tuta tena Septemba, kutoka kwenye daraja lilelile. Usipoukuta, rasimu ya swali lijalo unayo mkononi: badilisha tarehe, na ongeza sehemu ya (e), inayonukuu Hansadi.